Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda: Kwa nini daktari anauliza "ilianza saa ngapi?"

Mgonjwa anafikishwa mapokezi ya dharura akiwa ameshikiliwa na watu wawili. Mdomo umepinda upande mmoja, mkono wa kulia umelegea, maneno hayaeleweki. Ndugu wanataka dripu iwekwe hapo hapo. Daktari yeye anauliza: mara ya mwisho kumuona akiwa mzima ilikuwa saa ngapi?

Wengi hukasirishwa na swali hilo, wanaona wanacheleweshwa. Lakini jibu lake ndilo linaloamua kama mgonjwa anaweza kupewa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda. Ni dawa ambayo ikitolewa kwa wakati inaweza kumrudishia mtu mkono wake na kauli yake. Ikitolewa kwa asiyestahili, inaweza kumuua.

Dawa hii hutumika kwenye dharura mbili kubwa: kiharusi na shambulio la moyo. Haya ndiyo mambo ya kuyafahamu kabla hayajakukuta wewe au mtu wa nyumbani kwako.

Kwa ufupi

- Kwa kiharusi, dawa hutolewa ndani ya masaa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni baada ya kipimo cha CT-Scan kuonyesha hakuna damu iliyovuja kwenye ubongo.
- Kwa shambulio la moyo, hutolewa ndani ya masaa 12 tangu maumivu yaanze, baada ya kipimo cha ECG.
- Kwa magonjwa yote mawili, anayewahi anafaidika zaidi. Masaa hayo ni mwisho wa kupewa dawa, siyo muda wa kujipangia safari.
- Si kila mgonjwa anafaa kupewa. Anayeamua ni daktari, baada ya vipimo.
- Aspirini inaweza kumsaidia mwenye shambulio la moyo. Mwenye dalili za kiharusi asipewe nyumbani.

Kinachotokea mwilini

Ukijikata kidole, damu huganda na kuziba jeraha. Hapo kuganda ni msaada. Shida inaanza pale damu inapoganda ndani ya mshipa na kuwa kizibo.

Kizibo kikikaa kwenye mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, sehemu inayotegemea mshipa huo inakosa oksijeni. Hicho ni kiharusi cha mshipa kuziba. Kikikaa kwenye mshipa unaolisha misuli ya moyo, hilo ni shambulio la moyo, ambalo wengine huliita mshtuko wa moyo.

Ubongo hauna subira. Mwaka 2006, daktari wa Marekani Jeffrey Saver alichapisha hesabu inayotajwa sana mpaka leo: mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba na mgonjwa asitibiwe, hupoteza wastani wa seli za fahamu milioni 1.9 kila dakika. Dakika moja tu ya kutafuta funguo za gari.

Kuna aina nyingine ya kiharusi. Hapa mshipa haujaziba, umepasuka, na damu inavujia kwenye ubongo. Ukimtazama mgonjwa kwa macho, aina hizi mbili zinaweza kufanana kabisa: mdomo uleule kupinda, mkono uleule kulegea. Kumbuka jambo hili, maana litarudi baadaye.

Dawa inafanyaje kazi?

Damu iliyoganda hushikiliwa na nyuzi za protini iitwayo fibrini. Fikiria wavu wa samaki: nyuzi za fibrini ndizo wavu, na chembe za damu zimenasa ndani yake.

Mwili wenyewe una uwezo wa kuukata wavu huo. Ndani ya damu kuna kitu kiitwacho plazminojeni, ambacho kikiamshwa hugeuka kuwa plazmini, na plazmini ndiyo inayokata nyuzi za fibrini. Kazi hiyo huenda polepole mno kuweza kuokoa ubongo au moyo uliokosa damu. Dawa inachofanya ni kuamsha plazminojeni kwa wingi na kwa haraka.

Hapa watu huchanganya. Dawa hizi siyo zile ambazo mgonjwa wa moyo humeza kila siku "kuifanya damu iwe nyepesi", kama warfarini au aspirini. Zile huzuia damu isigande zaidi. Hizi huvunja bonge ambalo tayari lipo. Hutolewa kwa sindano kwenye mshipa, hospitalini tu, chini ya uangalizi wa karibu. Hakuna kidonge chake cha kununua duka la dawa.

Majina matatu ya kuyajua

*Streptokinasi.* Hii ndiyo ya zamani kuliko zote. Mwaka 1933, William Tillett wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alieleza kwamba bakteria aina ya streptokokasi, jamii ya wale wanaosababisha maambukizi ya koo, hutoa kitu kinachoyeyusha damu iliyoganda. Ni ya bei nafuu kuliko wenzake, na hutumika kwa shambulio la moyo. Kwa kuwa imetoka kwa bakteria, mwili hutengeneza kinga dhidi yake, hivyo aliyewahi kupewa hatakiwi kupewa tena. Kwa kiharusi haitumiki. Majaribio ya miaka ya 1990 yalisimamishwa baada ya kuonekana inaongeza vifo na kuvuja damu.

*Alteplasi.* Hii ni nakala ya protini ambayo mwili wa binadamu hujitengenezea. Msingi wake uliwekwa na Désiré Collen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, kisha kampuni ya Genentech ya Marekani ikaitengeneza kwa wingi kwa teknolojia ya vinasaba. Marekani iliiidhinisha kwa shambulio la moyo mwaka 1987 na kwa kiharusi mwaka 1996. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi. Kwa mgonjwa wa kiharusi, sehemu ndogo huchomwa kwa mkupuo, na iliyobaki hupita kwa dripu kwa muda wa saa moja.

*Tenekteplasi.* Ni alteplasi iliyoboreshwa. Faida yake kubwa ni kwamba hutolewa kwa sindano moja tu, mara moja, bila kusubiri dripu ya saa nzima. Hilo ni jambo kubwa kwa hospitali inayotaka kumchoma mgonjwa kisha kumsafirisha kwenda kwingine. Marekani iliiruhusu kwa shambulio la moyo mwaka 2000, na kwa kiharusi mwaka 2025.

Ushahidi unasemaje kuhusu moyo?

Mwaka 1988 yalitoka matokeo ya utafiti mkubwa uitwao ISIS-2, uliohusisha wagonjwa 17,187 katika hospitali 417. Waliokuwa hawakupewa streptokinasi wala aspirini, takriban 13 kati ya kila 100 walifariki ndani ya wiki 5. Waliopewa zote mbili, waliofariki walikuwa 8 kati ya 100.

Tangu hapo ikajulikana kwamba kidonge cha aspirini chenye bei ya chini kabisa, pamoja na dawa ya kuyeyusha bonge, vinaokoa maisha ya watu wengi.

Muda nao ukapimwa. Uchambuzi wa mwaka 1996 ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 1,000 waliotibiwa ndani ya saa ya kwanza, maisha 65 yaliokolewa. Waliotibiwa kati ya saa ya pili na ya tatu, idadi ilishuka hadi 26. Dawa ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni muda.

Na kuhusu kiharusi?

Jaribio lililobadilisha mambo lilichapishwa Marekani Desemba 1995, likiwa na wagonjwa 624 waliopewa alteplasi au dawa isiyo na kitu ndani ya masaa 3. Baada ya miezi 3, waliopewa alteplasi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa angalau asilimia 30, wa kuishi bila ulemavu au wakiwa na ulemavu mdogo sana.

Mwaka 2008 utafiti wa Ulaya uitwao ECASS III ukaonyesha kwamba faida bado ipo hadi masaa 4 na nusu, ingawa imepungua. Ndiyo maana leo kikomo kinachotajwa ni hicho.

Imepungua kiasi gani? Uchambuzi wa mwaka 2010 uliounganisha majaribio kadhaa unatoa picha. Wakitibiwa ndani ya dakika 90 za kwanza, mgonjwa 1 kati ya kila 4 au 5 anapata nafuu nzuri ambayo asingeipata bila dawa. Wakitibiwa kati ya masaa 3 na masaa 4 na nusu, ni 1 kati ya 14.

Kitu kingine ambacho familia nyingi hazielezwi: kwa kiharusi, dawa hii husaidia zaidi kupunguza ulemavu kuliko kuzuia kifo. Tofauti inaonekana kwenye maisha ya baadaye, kati ya mtu anayejilisha na kwenda msalani mwenyewe, na mtu anayehitaji kubebwa kila siku.

Kwa nini CT-Scan kwanza?

Rudi kwenye zile aina mbili za kiharusi. Kama mshipa umeziba, dawa inaweza kuuzibua. Kama mshipa umepasuka, dawa hiyohiyo inazuia damu isigande pale inapotakiwa kuganda, na uvujaji unaongezeka.

Kwa kuwa dalili za nje hazitoshi kutofautisha, hata daktari mzoefu hawezi kuamua kwa kumtazama mgonjwa. CT-Scan ya kichwa inaonyesha damu iliyovuja ndani ya dakika chache. Bila hiyo, kutoa dawa ni kamari.

Kabla ya sindano hupimwa pia sukari, kwa sababu sukari ikishuka sana mtu anaweza kuonekana kama amepata kiharusi. Presha nayo inaangaliwa: ikizidi 185/110, lazima ishushwe kwanza kwa uangalifu.

Moyo una kipimo chake

Kwa mwenye maumivu ya kifua, kipimo cha kwanza ni ECG, kinachosoma umeme wa moyo kwa kubandika vidude vidogo kifuani, mikononi na miguuni. Kinachukua dakika chache, na mashine yake ni ndogo na nafuu kuliko CT-Scan.

Si kila shambulio la moyo hutibiwa kwa dawa hii. Hutolewa pale ECG inapoonyesha dalili maalumu kwamba mshipa umeziba kabisa. Mashambulio mengine yana matibabu tofauti, na kwa hayo dawa ya kuyeyusha haina faida bali hatari.

Ipo njia bora zaidi: kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa mkono au paja hadi kwenye moyo, kuzibua, na kuweka kichuma cha kuushikilia mshipa kiitwacho stenti. Hapa Tanzania kazi hiyo hufanyika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, JKCI, jijini Dar es Salaam, kwenye mtambo ambao wahudumu wanauita Cathlab.

Sasa fikiria mgonjwa yuko Kigoma. Kutoka kule hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Miongozo ya kimataifa inasema hivi: kama mgonjwa hawezi kuzibuliwa kwa mrija ndani ya takriban masaa 2, na anafaa, apewe dawa ya kuyeyusha pale pale alipo, kisha asafirishwe. Kwa hiyo kwa watu wanaoishi mbali na miji mikubwa, dawa hii ndiyo tiba ambayo inaweza kuwafikia kwa wakati.

Nani hapewi?

Daktari anaweza kukataa kuitoa hata kama mgonjwa amewahi. Sababu za kawaida ni hizi:

- Damu imevuja kwenye ubongo, sasa au siku za nyuma.
- Ameumia kichwa vibaya au kupata kiharusi kingine ndani ya miezi 3 iliyopita.
- Amefanyiwa upasuaji mkubwa hivi karibuni.
- Anavuja damu ndani ya mwili, kwa mfano tumboni.
- Anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarini, na vipimo vinaonyesha bado zina nguvu.
- Presha iko juu sana na haishuki.
- Muda umepita au haujulikani.

Ndiyo maana mtu anayempeleka mgonjwa anapaswa kubeba dawa zake zote, na kadi ya kliniki ya presha, kisukari au moyo kama anayo. Kutaja "anakunywa vidonge vyeupe vidogo" hakumsaidii daktari.

Hatari yake ni ipi?

Kubwa ni kuvuja damu kwenye ubongo. Katika lile jaribio la mwaka 1995, asilimia 6.4 ya waliopewa alteplasi walivuja damu kwenye ubongo kiasi cha hali zao kuwa mbaya zaidi. Kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 0.6. Hata hivyo, ukijumlisha wote, waliopewa dawa ndio waliokuwa na hali nzuri zaidi baada ya miezi 3.

Kwa hiyo daktari akiieleza familia kuhusu hatari hii kabla ya sindano, hajaribu kujivua lawama. Anawapa taarifa mnayostahili kupewa. Ulizeni maswali, lakini amueni haraka. Kikao cha ukoo cha kumsubiri mjomba kutoka mkoani kinakula muda wa mgonjwa.

Saa inaanza kuhesabiwa lini?

Hapa ndipo wengi hukosea. Saa haianzi pale mlipomgundua mgonjwa. Inaanza mara ya mwisho alipoonekana akiwa mzima.

Chukua mfano wa mzee aliyeagana na familia saa 4 usiku, akaenda kulala akiwa sawa. Saa 12 asubuhi anakutwa hawezi kuongea. Familia inasema "imeanza sasa hivi". Kwa daktari, masaa 8 yameshapita, kwa sababu hakuna ajuaye kama kiharusi kilimpata saa 5 usiku au saa 11 alfajiri. Kama kijana wa nyumbani alimsikia saa 10 alfajiri akienda msalani na kuitikia salamu vizuri, hesabu inabadilika. Taarifa hiyo moja inaweza kumfungulia mgonjwa mlango wa matibabu.

Kwa waliozinduka usingizini na kiharusi bado kuna matumaini. Utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kipimo cha MRI kinaweza kuwatambua wale ambao kiharusi chao bado ni kipya, na wakafaidika na dawa. Lakini hilo linahitaji hospitali yenye MRI inayofanya kazi muda huo.

Jambo lingine dogo ila zito ni saa ya Kiswahili. Ukisema "saa mbili" bila kutaja ni asubuhi au usiku, na mwingine akaandika kwa saa ya simu, mnaweza kutofautiana kwa masaa 6 au 12. Sema "saa 2 usiku". Bora zaidi, andika kwenye simu muda uleule simu inaouonyesha, mfano 20:00, kisha muonyeshe nesi au daktari.

Dalili za kiharusi: uso, mkono, kauli, muda

- *Uso:* mwambie atabasamu. Je, upande mmoja unashuka?
- *Mkono:* mwambie anyooshe mikono yote miwili. Je, mmoja unaanguka?
- *Kauli:* mwambie arudie sentensi fupi. Je, maneno yanakokota au hayaeleweki?
- *Muda:* ukiona hata moja, andika saa na uondoke naye.

Dalili nyingine ni kupoteza uwezo wa kuona ghafla, kuyumba ghafla, au kichwa kuuma kwa ghafla kuliko ilivyowahi kutokea.

Dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika chache, usiseme "amepona" mkarudi kulala. Hilo linaweza kuwa onyo kwamba kiharusi kikubwa kiko njiani. Aende hospitali siku hiyohiyo.

Dalili za shambulio la moyo

Kubwa ni maumivu au mgandamizo katikati ya kifua, kama mtu amewekewa jiwe, yanayodumu zaidi ya dakika chache. Yanaweza kwenda kwenye mkono, bega, shingo, taya au mgongo. Mgonjwa hutoka jasho jembamba la baridi, hukosa pumzi, huhisi kichefuchefu.

Wanawake, wazee na wenye kisukari wakati mwingine hawapati maumivu makali ya kifua. Wao huweza kuhisi uchovu wa ghafla, kukosa pumzi au maumivu wanayodhani ni vidonda vya tumbo.

Fanya hivi

1. Andika saa dalili zilipoanza, au mara ya mwisho alipoonekana mzima.
2. Piga simu hospitali mnayotaka kwenda. Kwa kiharusi uliza: CT-Scan inafanya kazi sasa hivi? Kwa maumivu ya kifua uliza kuhusu ECG na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda.
3. Kama hamna gari la wagonjwa, tumieni gari lolote lililo karibu. Bodaboda haifai kwa mtu aliyelegea upande mmoja au anayeweza kuzimia.
4. Akiwa amepoteza fahamu lakini anapumua, mlaze ubavu ili asipaliwe na matapishi.
5. Aende mtu mmoja aliyeshuhudia dalili zikianza, akiwa na simu yenye chaji.
6. Kwa maumivu ya kifua yanayoashiria shambulio la moyo, kama mgonjwa hana mzio wa aspirini na havuji damu tumboni, anaweza kutafuna aspirini ya miligramu 300, au vidonge 4 vya miligramu 75, wakati safari inaendelea.

Usifanye hivi

- Usimpe mwenye kiharusi chakula, maji au uji. Koo linaweza kuwa limepooza na akapaliwa.
- Usimpe mwenye dalili za kiharusi aspirini kabla ya CT-Scan. Hujui kama mshipa umeziba au umepasuka.
- Usimpe vidonge vya presha vya jirani ili "ishuke haraka". Presha ikishushwa ovyo, ubongo hukosa hata ile damu kidogo uliyokuwa unapata.
- Puuza ujumbe unaozunguka WhatsApp wa kumtoboa mgonjwa wa kiharusi vidole kwa sindano. Hautibu chochote, unapoteza muda.
- Puuza pia ule wa kukohoa kwa nguvu ili kujiokoa na shambulio la moyo. Aspirini na safari ya hospitali ndivyo vya kushika.

Muda unapotelea wapi?

Mara nyingi hupotea nyumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulilinganisha Dar es Salaam na wilaya ya Hai, Kilimanjaro. Ulikuta kwamba Dar es Salaam wengi walihusisha kiharusi na majini au kurogwa, wakati Hai walitaja zaidi presha, vyakula vya mafuta na mawazo. Mtu anayeamini amepigwa na jini anaanza kwa mganga, na mpaka afike hospitali siku imekwisha.

Dua na sala hakuna anayezikataza. Zinaweza kusomwa ndani ya gari.

Muda mwingine hupotea kwenye ngazi za rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa. Kila kituo kina foleni na karatasi zake. Miaka ya karibuni serikali ya Tanzania imefunga mashine za CT-Scan kwenye hospitali za rufaa za mikoa, jambo ambalo limesogeza kipimo karibu na watu. Lakini mashine peke yake haitoshi. Lazima awepo wa kuiendesha usiku, wa kusoma picha, na dawa iwepo kwenye stoo. Alteplasi na tenekteplasi ni ghali, na si kila hospitali huziweka.

Ndiyo maana ile simu ya kuuliza kabla ya kuondoka ina thamani. Bora zaidi ni kuuliza leo, mgonjwa akiwa bado hayupo: hospitali ya karibu yenye CT-Scan ni ipi, na je, inatoa dawa hii?

Na aliyechelewa je?

Asiachwe nyumbani kwa sababu "masaa yamepita". Hospitali bado ina mengi ya kumfanyia: aspirini kwa aliyethibitishwa kuwa mshipa umeziba, kudhibiti presha na sukari, kuzuia nimonia na vidonda vya kulala, na mazoezi ya viungo yanayoanza mapema.

Kwa kizibo kwenye mshipa mkubwa wa ubongo, ipo pia njia ya kukivuta kwa mrija. Majaribio ya mwaka 2015 yalithibitisha kwamba inafanya kazi, na kwa wagonjwa waliochaguliwa kwa vipimo inaweza kufanyika hadi masaa 24. Ni huduma inayohitaji wataalamu na mitambo ambayo bado ipo mahali pachache Afrika Mashariki.

Kwa aliyepewa dawa ya kuyeyusha kwa ajili ya moyo, safari haijaisha. Anatakiwa kupelekwa kwenye hospitali inayoweza kuchunguza mishipa ya moyo, ikiwezekana ndani ya siku hiyo, maana bonge limeyeyuka lakini mshipa uliosababisha bado ni mwembamba.

La kufanya leo

Fungua sehemu ya kuandika kwenye simu yako. Andika mambo matatu: jina na namba ya hospitali yenye CT-Scan iliyo karibu na nyumbani, namba ya mtu mwenye gari anayepatikana usiku, na orodha ya dawa wanazotumia wazazi wako.

Kisha waonyeshe wa nyumbani ilipo. Siku ambayo mdomo wa mzee utapinda, huenda wewe ndiye utakuwa mbali.